Perege wa Wami: Mbegu yake imefika Brazil, kwao anazidiwa na wageni

*Utafiti wa vinasaba unaonyesha kuwa samaki asilia wa mito ya Pwani wanachanganyika na wageni waliopandikizwa. Mfugaji anataka mbegu inayokua haraka, jiji linataka maji, na Bwawa la Kidunda linakuja. Nani anamsemea samaki?*

Na Mwandishi Wetu

BAGAMOYO. Chukua samaki mmoja kwenye fungu la perege wa mtoni, umtanue mkia. Ukiona mistari myembamba myeusi iliyosimama wima, imejipanga kutoka shina la mkia hadi ukingoni, huyo ni sato. Ukiona ngozi iliyokolea weusi na madoadoa meupe yaliyotapakaa mwilini na kwenye mapezi, huyo ni mgeni mwingine, anayeitwa kitaalamu *Oreochromis leucostictus*. Asipokuwa na hiyo mistari wala hayo madoa, huenda umemshika mwenye mto: perege wa asili, *Oreochromis urolepis*.

Hata hivyo, usiape. Samaki aliyezaliwa na sato na perege anaweza kufanana na baba, na mama, au asifanane na yeyote. Hapo hata mtaalamu huweka jicho kando, akakata kipande kidogo cha pezi na kukipeleka maabara.

Mnunuzi hana sababu ya kufanya ukaguzi huo. Yeye huangalia macho na mashavu kama samaki bado ni mbichi, akauliza bei, akaenda zake. Daftari la takwimu nalo huandika perege, kilo kadhaa. Kwa utaratibu huo mto unaweza kubadilishiwa samaki wake wote na hesabu zisionyeshe lolote.

Hilo ndilo linalowasumbua watafiti wa samaki wa maji baridi kuhusu mito miwili inayoingia baharini katika ukanda wa Bagamoyo, Ruvu na Wami. Watu wa mwambao wamezoea kusikia mijadala ya uvuvi wa baharini: mabomu, makokoro, kamba, pweza. Samaki wa mtoni husahaulika, ingawa ndiye kitoweo cha vijiji vingi vilivyo mbali na pwani na ndiye anayekabiliwa na mabadiliko ambayo yakishatokea hayarudi nyuma.

> Kilo zinaweza kubaki zilezile huku samaki wakiwa wengine kabisa.

Mito miwili, ukoo mmoja

Ruvu inaanzia Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, inapita Mlandizi na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wami inakusanya maji kutoka mbali zaidi, Dodoma na Kilosa pamoja na milima ya Ukaguru na Nguru. Inapita Dakawa na Mandera, kisha inaingia baharini kando ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Perege wa asili wa Ruvu, Wami na Rufiji ni wa ukoo mmoja. Yule wa Wami baadhi ya wataalamu humtenga kama tawi lake, *hornorum*. Dume akikomaa hugeuka mweusi, akachimba shimo la mviringo kwenye mchanga wa maji madogo na kungoja jike. Jike akishataga huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humohumo hadi vifaranga waweze kuogelea. Kwa siku zote hizo hali sawasawa.

Samaki wa namna hiyo anahitaji vitu viwili: maji yaliyotulia pembezoni mwa mto, na mafuriko ya msimu yanayofungua madimbwi na mabonde ya nyasi. Kambale naye huyafuata mafuriko hayo hadi mashambani kutaga. Mto ukinyimwa mafuriko, samaki wamenyimwa uzazi.

Safari ya Zanzibar, Malacca na Brazil

Wasomaji wengi wa Pwani hawajui kwamba samaki huyu wa kwao ana jina kubwa katika historia ya ufugaji wa samaki duniani.

Perege wa Wami alivushwa hadi Zanzibar, na mbegu ya Zanzibar ikapelekwa Malacca, katika Malaya ya wakati huo, kulikokuwa na kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Huko mtaalamu wa Kiingereza, C. F. Hickling, aliwachanganya madume wa Zanzibar na majike wa perege wa Msumbiji. Mwaka 1960 alichapisha matokeo yaliyoshtua wafugaji: watoto waliozaliwa walikuwa madume watupu.

Ilikuwa habari kubwa kwa sababu ugonjwa mkuu wa bwawa la perege ni uzazi. Perege huanza kuzaa akiwa mdogo na huzaa mara kwa mara. Baada ya miezi michache bwawa hujaa vifaranga wanaogombea chakula, na mfugaji akija kuvuna hupata samaki wa ukubwa wa kidole. Bwawa la madume watupu halina uzazi, hivyo chakula chote huenda kwenye minofu.

Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, bingwa wa samaki katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, alimpa samaki huyo wa Zanzibar jina la kitaalamu. Mwaka 1971 mbegu yake iliingia kaskazini mashariki mwa Brazil ikitokea Ivory Coast, ikatumiwa kuzalisha machotara madume. Marekani nako, perege mwekundu anayefugwa Florida ana damu ya Wami ndani yake.

Kwa hiyo wafugaji wa mabara mengine walikwisha kuona thamani ya samaki huyu zaidi ya miaka 60 iliyopita. Hapa nyumbani, katika miaka hiyohiyo, mabwawa na mito yake ilikuwa ikijazwa samaki wengine.

Wageni walivyoingia

Historia hiyo inaanzia enzi za ukoloni. Mwaka 1947 serikali za Kiingereza za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la utafiti wa uvuvi wa maji baridi, EAFFRO, mjini Jinja, Uganda. Kuanzia miaka ya 1950 mipango ya kupandikiza samaki ilishika kasi. Mabwawa ya mashamba ya mkonge, malambo ya kunyweshea mifugo na mabwawa ya umeme yote yalionekana kuwa maji matupu yanayongoja mbegu.

Wakati huohuo mtafiti wa EAFFRO, Rosemary Lowe, alikuwa akizunguka mabwawa ya Afrika Mashariki kutambua nani ni nani. Mwaka 1955 alichapisha mwongozo wa kuwatofautisha perege wa mabwawa hayo, na mwaka huohuo akawaeleza kitaalamu perege wa bonde la Pangani, akiwamo aliyepewa jina la Korogwe na mwingine aliyepewa jina la Ziwa Jipe. Maana yake ni kwamba baadhi ya samaki wa mito yetu walipewa majina ya kitaalamu huku wengine wakiwa wameanza kumiminiwa juu yao.

Ziwa Victoria linajulikana zaidi. Sangara na sato waliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Biashara ya minofu ikakua, viwanda vikajengwa, fedha za kigeni zikaingia. Ngege, ambaye ndiye aliyekuwa perege mkuu wa ziwa hilo, karibu atoweke ziwani na leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mabaki yake yako katika maziwa madogo na mabwawa, mengine nje kabisa ya makazi yake ya asili.

Sato mwenyewe si mgeni wa Tanzania. Katika Ziwa Tanganyika ni mwenyeji. Ugeni wake unaanza anapovushwa bonde, na ndiyo maana mjadala huu hauhusu mipaka ya nchi. Unahusu mipaka ya maji.

Watafiti waliposhuka mitoni

Kati ya mwaka 2011 na 2017, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na wenzao wa vyuo vikuu vya hapa nchini na Uingereza, vikiwamo Bristol na Bangor, walipita kwenye mito, maziwa na mabwawa ya nchi nzima. Ripoti yao, iliyoongozwa na Asilatu Shechonge na kuchapishwa katika jarida la *Hydrobiologia*, ina takwimu za maeneo 123 walikowapata samaki wa kundi hili.

Waliwapata perege wa aina 14 wanaoishi katika makazi yao ya asili pekee. Waliwapata pia 3 waliovuka mipaka yao na kujijengea makazi mapya: sato, ngege na yule mwenye madoa meupe. Huyo wa madoa ndiye pekee ambaye asili yake iko nje kabisa ya Tanzania.

Watafiti hao pia walipima hali ya hewa ya sasa na inayotarajiwa ifikapo mwaka 2050 na 2070. Hesabu zao zilionyesha kuwa maeneo yanayowafaa wageni hao yataendelea kuwapo na huenda yakapanuka. Kwa lugha nyepesi, wageni hawatarajiwi kuondoka.

Mwaka 2018 Shechonge na wenzake walichapisha utafiti mwingine, safari hii katika jarida la *Conservation Genetics*, uliomchunguza perege wa asili ya Wami pale alipokutana na wageni. Walipima vinasaba na umbo la mwili. Walichokiona ni kufanana: pale wageni walipotawala, tofauti iliyokuwapo kati ya samaki ilipungua, kwa damu na kwa sura.

> Samaki hawafi wakaelea juu ya maji watu wakashtuka. Wanazaliana na wageni hadi asili yao inayeyuka.

Kusini, karibu na Lindi, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza habari ya kusikitisha zaidi. Katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa kulikutwa perege wa Korogwe, mamia ya kilomita kutoka kwa ndugu zao wa Mto Zigi na Bwawa la Mlingano mkoani Tanga. Vinasaba vilionyesha kuwa makundi hayo mawili yalitengana takriban miaka 140,000 iliyopita. Kundi hilo la kusini lilikuwa ndiyo kwanza limegunduliwa, na tayari lilikuwa limeanza kuchanganyika na sato.

Kuchanganyika damu ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni ubabe. Mwaka 2021 watafiti wa Bristol walitoa matokeo ya jaribio waliloliweka kwenye matangi: vifaranga wa sato na vifaranga wa perege wa asili ya Tanzania waligombea maficho. Sato ndio waliotamba. Mtoni, kifaranga asiye na maficho ni chakula cha kambale, cha ndege au cha samaki wakubwa.

Mfugaji naye ana hoja

Ingekuwa rahisi kumlaumu mfugaji, lakini hoja zake zina uzito.

Sato hukua haraka, anavumilia maji ya bwawa, na soko linamtaka. Hoteli za Dar es Salaam zinataka samaki anayejaa sahani. Mbegu yake inapatikana, chakula chake kinafahamika, na wataalamu wanaofundishwa ufugaji wamefundishwa kumfuga yeye. Mfugaji anayeanza na bwawa moja Kiwangwa au Kerege hana muda wa kungoja utafiti wa miaka 10 ili alipe mkopo wa mwaka mmoja.

Serikali nayo inasukuma ufugaji, na kwa sababu nzuri. Maziwa na bahari havizai zaidi ya uwezo wake, huku watu wakiongezeka. Mpango Kabambe wa Sekta ya Uvuvi unaoishia mwaka 2036/37 unautegemea ufugaji kuziba pengo hilo. Vizimba vimeenea Ziwa Victoria, na ukanda wa Pwani una chuo cha Mbegani, wilayani Bagamoyo, kilicho chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), kinachotoa wataalamu wa sekta hii.

Kuna pia hoja kwamba mambo yamekwisha kuharibika. Kama sato wamo mitoni tayari, mfugaji anauliza, kumzuia yeye kutasaidia nini?

Jibu la watafiti linatoka Pangani. Mwaka 2019 Stephanie Bradbeer na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa machotara wa bonde hilo. Waliwakuta kweli machotara, wakiwamo wa sato na perege wa Jipe, lakini walikuwa wachache wakilinganishwa na samaki wenye damu safi. Upande wa Ziwa Victoria hawakumkuta chotara hata mmoja katika sampuli zao. Maana yake ni kwamba bado kuna cha kuokoa, na kila bonde linahitaji kupimwa kivyake kabla ya kuandikiwa hati ya kifo.

Watafiti hao waliongeza jambo ambalo wafugaji wanapaswa kulisikia: haijathibitika kwamba samaki wa kupandikizwa ana faida kubwa kuliko wenyeji wenye miili mikubwa. Tumemwamini sato kwa sifa zake za mabwawa ya wengine, wakati perege wetu hajapewa nafasi ya kujaribiwa kwa kiwango hichohicho.

Na sifa za sato wa kisasa hazikushuka kutoka mbinguni. Mbegu maarufu ya GIFT ilianza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988 kwa kuwachanganya na kuwachagua samaki, wakiwamo waliokusanywa kutoka mito na maziwa ya Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Malighafi ilikuwa samaki wa porini wa Afrika. Nchi inayopoteza samaki wake wa porini inapoteza ghala la mbegu zake za kesho.

Kwa mwambao, hilo lina uzito wa pekee. Perege wa ukoo wa Wami na Rufiji anavumilia chumvi kuliko sato. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, wamewachanganya majike wa sato na madume wa perege wa Rufiji kutafuta samaki anayeweza kufugwa kwenye maji ya chumvichumvi. Damu inayotafutwa ili ufugaji ufike kwenye fukwe zetu ndiyo inayoyeyuka mitoni.

Jiji lenye kiu

Samaki wa Ruvu wana mshindani mwingine asiye na mapezi, nalo ni Jiji la Dar es Salaam.

Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, mwaka 1976. Baada ya upanuzi, Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Maji yote hayo yanatoka mto mmoja. Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kushuka, wakazi wa Dar es Salaam waliingia kwenye mgawo wa maji. Habari zilijaa ndoo, madumu na bei za maboza. Samaki hawakutajwa.

Wami nayo ina wateja wake. Shamba la mpunga la Dakawa, lenye hekta 2,000, linamwagiliwa kwa maji yake, na mashamba ya miwa ya Mtibwa yako katika bonde hilohilo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haikumsahau samaki. Inaweka maji ya matumizi ya binadamu mbele, kisha maji ya kulinda mazingira, ndipo wafuate wengine. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, ndiyo yenye wajibu wa kulisimamia hilo. Tathmini za awali za kiasi cha maji kinachotakiwa kubaki mtoni zilikwisha kufanyika kwa mto Wami mwishoni mwa miaka ya 2000.

Mvuvi wa baharini asidhani haya hayamhusu. Kamba wa Bagamoyo na Saadani hukulia kwenye mikoko ya midomo ya mito, mahali maji baridi yanapokutana na ya chumvi. Mto ukikonda, chumvi hupanda juu na malezi ya kamba huyumba. Mvuvi wa jarife Bagamoyo na mvuvi wa mgono Mandera wanakunywa kisima kimoja.

Mtihani wa Kidunda

Sasa linakuja Bwawa la Kidunda, juu ya Mto Ruvu mkoani Morogoro, lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 za maji. Kwa Dar es Salaam ni mkombozi wa miezi ya kiangazi. Kwa samaki ni mto kugeuzwa ziwa upande mmoja na kuwekewa bomba la kufungwa na kufunguliwa upande wa pili.

Bwawa si lazima liwe msiba. Likiendeshwa vizuri linaweza kuachia maji wakati wa ukame, jambo ambalo Ruvu ya mwaka 2022 ilikosa. Likiendeshwa kwa kuangalia mabomba peke yake, litafuta mafuriko madogo ya msimu ambayo perege na kambale wa Ruvu ya chini wanayategemea kuzaa.

Jambo la pili ni mbegu. Bwawa jipya likijaa, sauti za kutaka lipandwe samaki huja upesi. Historia ya Nyumba ya Mungu, katika bonde la Pangani, inatosha kufundisha. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960, wavuvi wakafurika, mavuno yakapanda kwa kasi ya ajabu, kisha yakaporomoka. Leo bonde hilo ndimo watafiti wanamowasaka machotara.

> Uamuzi wa samaki gani waingie Kidunda unapaswa kufanywa kabla ya maji kujaa.

Bonde la Ruvu tayari lina mabwawa ya wafugaji na kituo cha kuzalisha vifaranga cha Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Katika mvua kubwa kama za El Nino, kuta za mabwawa ya kufugia hubomoka na samaki hufuata maji. Hakuna mfugaji aliyekusudia kuharibu mto, lakini mto hauulizi kusudio.

Nini kifanyike

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinataka kibali kabla ya samaki kupandikizwa kwenye maji yasiyo yake. Kinachokosekana ni ramani inayotekelezeka: bonde gani lifuge samaki gani. Malawi kwa miaka mingi iliwazuia sato wasiingie nchini ili kumlinda chambo wa ziwa lake. Tanzania haiwezi kunakili hatua hiyo, kwa kuwa sato ni wenyeji Ziwa Tanganyika na ni uchumi Ziwa Victoria. Inachoweza, kwanza, ni kugawa mabonde. Sato abaki kwenye vizimba vya maziwa makuu, na mabonde ya mashariki ambako perege wa asili bado wapo yafunguliwe kwa mbegu ya hapohapo.

Ili mfugaji akubali, lazima apewe mbadala wenye faida. Vituo vya Serikali vichague na kuboresha mbegu ya perege wa Wami na Rufiji, kizazi baada ya kizazi, kama wengine walivyomfanyia sato. Kazi hiyo inahitaji wataalamu, na mwambao huu unao: TAFIRI wako Kunduchi, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko jiji hilohilo, FETA wako Mbegani, Taasisi ya Sayansi za Bahari iko ng'ambo ya mlango wa bahari, Zanzibar.

Pili, yatafutwe madimbwi na vijito ambavyo bado vina perege wenye damu safi, vipimwe kwa vinasaba na vilindwe kama hifadhi za mbegu. Saadani tayari ni hifadhi. Wanyama wake wakubwa wana walinzi, na samaki wa Wami wanaopita mpakani mwake wanastahili kuwamo kwenye hesabu hiyo.

Tatu, takwimu zibadilike. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vifundishwe kutofautisha mikia, na madaftari yaandike sato peke yake, perege wa asili peke yake. Mvuvi wa mtoni, anayetega mgono alfajiri, anamjua samaki wake kuliko wageni wote wanaokuja na vifaa. Akipewa daftari na posho halali, atakuwa mtafiti wa kwanza wa mto wake.

Nne, uvuvi wenyewe usiachwe. Vyandarua vinavyozoa vifaranga, na utupa unaomwagwa kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, haviulizi mwenyeji wala mgeni. Hata samaki mwenye damu safi hawezi kushindana na wageni ikiwa watoto wake wanaishia kwenye chandarua.

Wakati bado upo

Hakuna anayeweza kuwatoa sato wote mitoni. Hilo likubaliwe mapema ili nguvu zisipotee. Kinachowezekana ni kuacha kuwaongeza, kuwalinda perege waliobaki, na kuhakikisha Ruvu na Wami zinabakiziwa maji yanayotosha uzazi. Hatua hizo tatu ni nafuu kuliko kumsaka perege wa Wami huko Brazil au Marekani siku tutakapomhitaji.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi na Wizara ya Maji zikae meza moja kabla Kidunda haijajaa, ziamue samaki gani waruhusiwe na maji kiasi gani yaachiwe. Nawe mfugaji wa Bagamoyo, Chalinze na Kibaha, unaponunua vifaranga uliza ni wa aina gani na wametoka bonde gani, na unapokausha bwawa lako usiwamwage mtoni.